Kilichokunjwa Nyuma ya Mlango

4 Februari

Mpendwa binti wa kaka yangu, Chiriku uliyeacha kulia,

Naomba barua hii ikukute umekula, umelala, na kile kikohozi cha Desemba kimekuaga. Usinijibu "sijambo" ya mkato kama unavyofanya kwenye simu. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Kwenye simu mimi na wewe tunajua kuulizana hali na kukata. Karatasi haina pa kukata.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Baba yako goti linamsumbua lakini bado anaenda karakana kupiga randa viti vya watu na kugombana na msumeno. Nilipomwambia nakuandikia alisema, "Mwambie baba yake bado hajafa," kisha akacheka peke yake. Duka linaenda. Nimepaka rangi mlango wa mbele. Ule wa nyuma nimeuacha na magamba yake, kwani wanaoupita ni ndugu, na ndugu haangalii rangi.

Habari njema ni kwamba kina mama wa kanisa wamenichagua niwe kiongozi wao. Nitaombewa mbele ya watu Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita. Mimi, niliyeishia darasa la saba. Nilirudi nyumbani nikakaa kitini, hata viatu sikuvua.

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu wa kwaya unamkumbuka, yule mnene mwenye sauti nyembamba. Jumapili iliyopita alinishika mkono mlangoni pa kanisa akaniambia, "Mama Chaki, jana umeniuzia bandeji kwa bei ya ng'ombe."

Nikamwambia, "Mwalimu, mimi nauza ndoo, kamba, misumari, maturubai na mabuti ya mvua. Bandeji nenda duka la dawa. Na jana hukuja."

"Nilikuja. Nikakukuta na chaki yako nyuma ya sikio. Ukaniangalia viatu kwanza."

Akatoa simu. Mwanangu, niliona mwanamke amesimama nyuma ya kaunta ya mbao, kitambaa cha kichwa amekifunga kama ninavyofunga mimi, fundo ubavuni, na chaki nyuma ya sikio la kulia. Akaja mtu mwenye upanga. Yule mwanamke akapangusa kaunta kwa kitambaa, akamwangalia yule mtu miguuni, ndipo akataja bei. Yule mtu akaomba apunguziwe. Akajibiwa, "Bei ya leo ni ya leo. Ya kesho anaijua Mungu."

Hayo ni maneno yangu. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania nayo mpaka wageni wakiwepo. Ni kama kupita mbele ya dirisha la kioo ukajiona, halafu wewe ukasimama na yule wa kwenye kioo akaendelea kutembea. Jina lake, eti, ni Bibi Chaki.

Na nyuma yake, karibu na mlango, kuna kitu kimekunjwa. Mwalimu anasema amejaribu kukinunua mara ishirini na kila mara anaambiwa, "Hicho si cha kuuza." Hilo sikulielewa.

Wewe ulituambia kazi yako ni kupanga bei za michezo. Mimi nikadhani ni tiketi za mpira, na hivyo ndivyo nilivyowaeleza kina mama. Je, huyu mwanamke ni kazi yako? Nieleze kama unavyomweleza mtu wa darasa la saba.

Shangazi yako akupendaye.


2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeipata wiki iliyopita, imezunguka kama mgeni asiyejua mtaa. Kikohozi kimekwisha. Nimekula na nimelala, ingawa si kwa mpangilio huo kila siku. Hongera sana kwa uongozi. Mwambie baba aache kukalia kile kigoda kifupi. Goti halina kosa, kosa ni la kigoda.

Ndiyo, ni wewe. Nilipaswa kukuomba ruhusa, na niliogopa utakataa.

Kazi yangu ni hivi. Tuko wanne kwenye chumba kimoja chenye dirisha linaloangalia maegesho ya magari, na bosi mwenye masharubu anayekula biskuti juu ya kompyuta mpaka herufi zinakwama. Tunatengeneza mchezo ambao maelfu ya watu wanaucheza kwa pamoja, kila mmoja kwenye simu yake. Mle ndani kila mtu ni shujaa. Anatembea, anapigana na mazimwi, anaokota sarafu. Anahitaji panga, dawa, viatu. Anavinunua kwa wafanyabiashara ambao si watu. Sisi ndio tumewatengeneza. Nina wafanyabiashara mia moja na kumi, na kila bei inayotoka midomoni mwao nimeiweka mimi.

Kwanza najiuliza kitu hicho kinamtoa mchezaji jasho la muda gani. Panga la kuhangaikia saa moja lina bei ya saa moja. Mchezaji akija kuliuza, mfanyabiashara anampa robo tu. Najua utasema ni wizi. Lakini mle ndani sarafu hazina mwisho, maana kila zimwi likifa linadondosha sarafu na mazimwi hayaishi. Zisipopata pa kupotelea, baada ya miezi miwili mkate utanunuliwa kwa gunia la sarafu. Kwa hiyo mfanyabiashara anauza ghali, ananunua rahisi, na ile tofauti inafutika. Haiingii mfukoni mwa mtu. Na wachezaji wote wakimletea kitu kimoja, tuseme ngozi za mbwa mwitu, bei ya ngozi inashuka kwa kila anayeingia, mpaka wachoke waende kutafuta kingine.

Shida ni kwamba wote walikuwa wanataja bei kama mashine. Bosi akasema, "Nataka mmoja awe mtu." Sikuhitaji kufikiri. Miaka yote ile baada ya shule nilikaa wapi kama si juu ya lile kopo la rangi dukani kwako? Wewe ndiye uliyenifundisha bei kabla ya chuo. Wachezaji wanampenda Bibi Chaki. Wengine wanapita kumsalimia tu, wala hawanunui.

Kama jina linakukera nitazungumza na bosi. Usiudhike, Shangazi.

Wako, Chiriku.


19 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, na Mungu akutunze wewe na hao wenzako watatu, na huyo wa masharubu mwambieni biskuti zina sahani. Sisi wazima. Kigoda nimekichukua mwenyewe kwa baba yako, nimekiweka dukani. Ameninunia siku mbili, ya tatu akaja kuomba misumari kwa mlango wa nyuma, tukapatana.

Maelezo yako niliyasoma mara tatu, na mara ya tatu nilicheka. Kwa hiyo yule si mfanyabiashara, ni mfereji. Mtu anasimama kutwa anauza, na faida haimfikii yeye wala tajiri wake. Kazi hiyo hata shetani angeomba likizo. Lakini la ngozi za mbwa mwitu nimelikubali. Mwaka ule kila mtu alipoleta ndoo za bluu mtaani, mimi niliacha ndoo nikaleta kamba.

Sitakuficha, nilijisikia vizuri. Niliwaambia kina mama kwamba binti wa kaka yangu amenitia ndani ya simu za watu.

Hiyo ilikuwa kabla ya Jumanne. Jumanne mchana mwalimu wa kwaya alikuja dukani, akalaza simu juu ya kaunta na kusema, "Nataka niwaone mkiwa wawili." Duka lilikuwa na watu. Akaingia kwa Bibi Chaki akiwa mzima, akauliza bandeji, akaambiwa kumi. Akatoka. Akaenda kupigana na dude lenye pembe, likampiga, akarudi anajikokota, ule mstari mwekundu wa uhai umebaki kama ukucha. Akauliza bandeji ile ile. Yule mwanamke akapangusa kaunta, akamwangalia miguuni, akasema thelathini.

Nikamwambia, "Mwalimu, umebonyeza vibaya."

"Subiri," akasema. Akaenda akapona kwa njia yake, akarudi. Kumi. Akaenda akapigwa tena, akarudi. Thelathini.

"Unaona, Mama? Akikuona mzima ni rafiki yako. Akikuona unavuja damu, anajua huna pa kwenda."

Watu walicheka. Mama mmoja aliyekuja kununua kamba akasema, "Jamani mimi leo ni mzima kabisa, Mama Chaki, nipunguzie." Nami nilifungua mdomo nicheke, kicheko hakikuja. Hata kamba ile niliipima mara mbili.

Chiriku, chaki ni yangu, maneno ni yangu, hata kuangalia viatu nakubali, maana viatu havidanganyi. Lakini hili si langu. Miaka thelathini dukani, sijawahi kumpandishia mtu bei kwa sababu ameumia. Kama ungesema mimi ni mbahili, ningenyamaza. Hili halinihusu na nimeshangaa limetoka wapi.

Nakuomba uibadilishe kanuni hiyo kabla ya mwezi wa sita. Nitasimamaje mbele ya kina mama kuwaambia habari za huruma, na vijana wao nyumbani wananiona nikiwakamua majeruhi?

Tena hujanijibu. Kile kilichokunjwa ni nini?

Shangazi.


27 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Sisi hatujambo, mvua imeanza, mabuti yanatoka.

Wiki ya sita hii sijapata jibu, na simu yako inaita mpaka inachoka. Baba yako anasema kazi zimekubana. Mimi naona umeudhika. Kama umeudhika, andika kwamba umeudhika. Hata hiyo ni barua.

Shangazi.


11 Mei

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzima. Msalimie baba.

Sikuwa na kazi nyingi. Nilianza kukujibu mara nne nikachana.

Umeandika kwamba hujawahi. Nimejaribu kuamini kwamba umesahau, na labda kweli umesahau, kwa hiyo nakukumbusha.

Mwaka wa upepo nilikuwa na miaka kumi. Upepo uliezua mabati ya mtaa mzima mchana mmoja, usiku ikanyesha. Kesho yake duka lako lilijaa mpaka barazani. Mimi nilikuwa juu ya kopo la rangi. Turubai lilikuwa kumi mpaka siku ile. Ulipangusa kaunta ukasema thelathini.

Mama aliingia na ndala zilizolowa. Ulimwangalia miguuni, kisha usoni. Akasema, "Wifi, nipatie moja, nyumba iko wazi." Ukasema thelathini. Akatabasamu, akadhani unamtania. Akasubiri. Ukasema, "Bei ya leo ni ya leo." Akarekebisha kitambaa chake cha kichwa, akatoka. Hakununua, kwa sababu hakuwa nayo.

Mvua ilinyesha siku tatu. Cherehani ya mama ilikuwa chini ya pale palipoezuliwa, na juu yake nguo za wateja. Tuliifunika kwa mkeka, na juu ya mkeka masufuria. Haikushona tena. Mama alikwambia ameacha kushona kwa sababu macho yamechoka, nawe ukamwamini. Macho yake yalikuwa mazima. Alikwenda kufua nguo za watu, akafua mpaka alipougua.

Sisemi ulimuua. Nazungumzia bei tu. Bandeji kumi, bandeji thelathini. Kanuni hiyo niliitoa hapo. Bosi aliisifu sana, alisema ina ukweli ndani yake.

Chiriku.


30 Mei

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Baba yako mzima. Mimi nimesimama, hilo naweza kusema.

Barua yako niliifungua dukani, mteja akisubiri misumari. Niliposoma "macho yake yalikuwa mazima", masikio yakaziba kama mtu aliyezama. Nikampa yule mtu misumari, akaenda, akarudi mwenyewe kunikumbusha hakulipa. Nikafunga duka saa nne asubuhi. Majirani wakaja kuuliza ni msiba gani.

Nilikwenda karakana. Baba yako alikuwa anapiga randa.

Nikamwambia, "Kaka, cherehani ya wifi iliharibika kwa mvua?"

Hakuinua kichwa. "Kwani hukujua?"

"Nani angeniambia?"

"Si mimi. Mwenyewe alinikataza. Alisema, 'Dada yako ana duka, hana ghala la sadaka. Msimtie aibu.'"

Akanionyesha kwa kidole cha mguu. Iko pale, chini ya magunia ya maranda, miaka yote hii nikija kuomba mbao napita kando yake. Nilijaribu kuzungusha gurudumu. Halizunguki. Mkononi ilibaki kutu.

Sasa nisikilize, halafu unihukumu. Marehemu mume wangu alipofungua duka aliweka sheria moja: kwenye kaunta hakuna ndugu. Mbele ya watu bei ni moja, awe mama yako aliyekuzaa. Ndugu mwenye shida anasubiri watu wapungue, anapita mlango wa nyuma, anapewa, na hakuna aliyeona. Kwa ndugu wa mume wangu ilikuwa hivyo, na kwangu ikawa hivyo. Mama yako alipotoka nilijua atarudi mchana kwa nyuma. Nililikunja turubai moja, nikalifunga kwa kamba, nikaliweka nyuma ya mlango. Lilikuwa lake. Nilikuwa nasikiliza mlango ule kama mtu anayesikiliza chungu jikoni.

Nimekaa wiki nzima nikijiuliza, nani alimwambia habari za mlango wa nyuma? Yule hakuwahi kuniomba kitu, kwa hiyo hakuwahi kuupita. Mimi sikumwambia. Nilidhani mambo ya nyumbani kwetu mtu anayapata kwa kuolewa, kama anavyolipata jina. Na siku ile nilimpa uso wa kaunta, yeye akadhani ndio uso nilio nao.

Na hiyo thelathini. Naweza kukuandikia kwamba mtaa mzima ulipandisha, wa mabati wakapandisha mara tano. Ni kweli. Lakini nimeandika sentensi hiyo nikaona ni ya mtu anayetafuta pa kujificha, na sikuifuta, ili uione.

Basi, hakuja.

Nilikuomba ubadilishe ile kanuni ya bandeji. Ombi hilo nalirudisha. Kama ni mimi, acha iwe mimi.

Shangazi yako.


22 Juni

Shikamoo Shangazi,

Natumaini umefungua duka tena. Baba alinipigia simu. Kwa mara ya kwanza tangu nihame alizungumza zaidi ya dakika mbili. Alisema unakwenda karakana kila jioni kuisugua cherehani kwa mafuta ya taa, na kwamba haisaidii kitu, na kwamba hakwambii uache. Jumapili utaombewa. Sijui barua hii itatangulia au itachelewa.

Nakuamini kuhusu turubai. Sihitaji kuamini, nililiona.

Nililiona unavyolikunja. Nilikuuliza ni la nani, ukasema, "La mwenyewe. Na ya dukani hayatoki dukani." Nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga, nilijua ni letu. Nilikwenda nyumbani nikakaa na mama kwenye ile kona isiyovuja, nikimwangalia anavyohamisha masufuria, na sikusema. Ningesema sentensi moja tu: mama, pita kwa nyuma. Siku ya kwanza sikusema, nikidhani utatuletea mwenyewe. Siku ya pili sikusema. Siku ya tatu nilikuwa nimeamua kusema nikitoka dukani. Mchana ule akaja yule mwenye nyumba ya wageni, anataka maturubai matano. Ulikuwa na manne. Ulisimama kidogo. Halafu ulikwenda nyuma ya mlango.

Kwenye barua yako umeandika, "Basi, hakuja," ukaishia hapo. Mimi pia nimeishia hapo miaka ishirini na minne. Ni rahisi kukukasirikia wewe. Yule aliyekuwa juu ya kopo la rangi sijui nimfanye nini.

Kile kilichokunjwa ndicho hicho. Mle ndani hakuna kitu kisicho na bei, hata jani, hata jiwe; mashine inakataa. Kwa kitu hicho kimoja niliwabembeleza mafundi wetu wiki nzima waniachie nafasi ya bei ikiwa tupu. Wachezaji wanaamini ni hazina. Wameandikiana kurasa na kurasa wakikisia. Bosi ananiambia kila mwezi, "Weka bei tukiuze, watu watapigana." Nafungua ile nafasi, naiangalia, naifunga. Ndiyo kazi yangu, Shangazi, na kwa kitu kimoja tu siiwezi.

Chiriku.


16 Julai

Mpendwa binti wa kaka na wa wifi yangu,

Habari za kazi, na za afya yako? Tumepata baridi kidogo huku, lakini hakuna aliyelala kitandani. Baba yako anakusalimu. Amerudishiwa kigoda chake. Nimeona kunyang'anyana vigoda hakufai watu wazima.

Barua yako ilifika siku tatu baada ya Jumapili ile. Lakini sikuombewa. Alhamisi iliyoitangulia nilikwenda kwa mchungaji, ofisini kwake, nikamweleza yote, pamoja na lile nililokuwa sijakuandikia. Kumbe ulikuwa unalo.

Ndiyo, niliuza. Yule mwenye nyumba ya wageni alisema anachukua matano au anakwenda kwingine. Niliwaza, wifi hakuja siku tatu, huenda wameshapata. Nikawaza, lori likija nitamwekea jingine. Lori lilikuja baada ya wiki mbili, jua likiwaka. Sikumwekea. Unajua niliuza kwa bei gani. Hilo ndilo lililonifanya niishie kwenye "hakuja".

Mchungaji aliniambia, "Mama, ni miaka mingi."

Nikamwambia, "Turubai halihesabu miaka." Tukakubaliana nafasi ya kiongozi ikae wazi kwanza. Kina mama wamepigwa na butwaa, kila mmoja ananiuliza nimefanya nini, nami namweleza. Ni ajabu jinsi watu wanavyopunguza kuuliza ukiwajibu.

Baba yako pia nimemweleza kwamba nililiweka na nikaliuza. Aliweka randa chini. Sijawahi kumwona akiweka randa chini kabla mbao haijaisha. Akasema, "Hilo mwenzangu hakulijua. Afadhali." Halafu akanipa mbao niliyokuja kuomba, kwa sababu ndivyo alivyo.

Sasa wewe. Ulikuwa mtoto unayeongea kutwa, ndiyo maana baba yako alikuita Chiriku. Baada ya mwaka ule ukanyamaza, na sisi tukaendelea kukuita hivyo kwa utani, tukicheka. Mimi ndiye niliyekuambia ya dukani hayatoki dukani. Mtoto aliyeambiwa anyamaze akanyamaza hana cha kulipa. Mteremshe kwenye kopo la rangi, aende nyumbani.

Mwalimu wa kwaya ananiambia bandeji bado ni thelathini. Vizuri. Iache mpaka nimalize.

Kwa maana nimekuja kununua. Wewe ndiye mpanga bei. Ile nafasi tupu ijaze, uniambie. Usiniangalie viatu. Usinipunguzie kwa sababu ya undugu, nimepita mlango wa mbele, mchana, watu wanaona. Hesabu cherehani. Hesabu macho yaliyokuwa mazima na nguo zote zilizofuliwa. Hesabu siku tatu za kimya chako na miaka iliyofuata. Usiogope ikitoka kubwa kuliko duka langu. Na kama si ya pesa, niambie ni ya nini. Nami sitakuambia ni ghali.

Naomba unijibu upesi.

Shangazi yako.